Mashine Iliyochaguliwa kwa Heshima

Mama mkwe wangu alipoambiwa kwamba kuna watu wanalipa ili nyasi zao zikatwe, halafu ziachwe pale pale ziote tena, aliweka kikombe cha chai chini akamtazama binti yake. Mimi hakunitazama.

"Muulize mwenzako," alisema, "hao watu wana ng'ombe?"

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa pili, hatua tatu kutoka kwake, na nilisikia kila neno. Hata hivyo mke wangu alinigeukia, akaniuliza kama hao watu wana ng'ombe. Nikamwomba amwambie mama kwamba hawana ng'ombe wala mbuzi, wanataka nyasi za kutazama. Mke wangu akageuka, akalifikisha jibu. Mama akalitafuna pamoja na kipande chake cha muhogo.

"Na wanazimwagilia maji?"

"Mama anauliza kama wanazimwagilia maji."

"Mwambie wanazimwagilia. Asubuhi na jioni."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge.

Hivyo ndivyo tulivyozungumza mimi na yeye kwa miaka kumi na miwili. Kwa mila aliyolelewa nayo, mkwe hasemeshwi uso kwa uso. Maneno hupita kwa mtu wa tatu, ili yapoe kidogo njiani. Wengi wa hapa Kigoma wameshaiacha mila hiyo. Wanakula sinia moja na wakwe zao na kupiga nao picha wamekumbatiana. Mama, huko kijijini kwake Simbo, hakuiacha, na mimi sikumwomba aiache, maana mtu asiyeruhusiwa kukusemesha haruhusiwi pia kukugombeza. Mimi nilikuwa na mengi ya kugombezwa.

Kwanza, nilikuwa mtu wa ziwani. Babu yangu alivuka kutoka ng'ambo ya Kongo, na mimi nimekulia Katonga kwenye harufu ya dagaa. Siku ya posa, mama alimwambia mshenga wangu kwamba watu wa ziwani wana maneno mengi kuliko samaki. Mshenga aliniletea habari hiyo akicheka, nami nikacheka pia, lakini iliniuma na imeendelea kuniuma. Pili, maneno ya mama yalikuja kuwa kweli. Niliwahi kufuga kuku wa mayai, wakafa. Nikauza barafu, umeme ukakatika. Nikawa mtunza stoo wa mfanyabiashara wa mizigo pale bandarini, na huko nilidumu mpaka mfanyabiashara mwenyewe alipofunga stoo akahama mji. Kwa hiyo nilipofika Simbo na mpango wa kukata nyasi, nilijua mama ana haki ya kucheka.

Mpango wenyewe ulianzia kwenye nyumba ya wageni iliyoko ufukweni, upande wa Katonga. Ina kiwanja kikubwa cha nyasi kinachoshuka mpaka majini, njia za saruji zinazokatiza, na mawe meupe yaliyopangwa pembeni ili wageni wapige picha. Mtu aliyekuwa akikikata kwa fyekeo alikuwa amerudi kwao Kasulu. Meneja, ambaye alikuwa mgeni mkoani, hakutaka fyekeo tena. Alitaka watu wenye mashine, nyasi zilingane na kingo zinyooke. Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, tujaribu, alisema, kwa sababu Jumamosi yake kuna harusi hapo. Tukifaulu, kazi ni yetu mwaka mzima.

Mashine sikuwa nayo, na fedha ya mashine sikuwa nayo. Nilimweleza mke wangu, mke wangu akamweleza mama yake, na baada ya wiki moja mama akatuma neno kwamba ameuza mawese yote ya msimu, tukutane Kigoma mjini siku ya Jumanne tuchague mashine. Magoti ya mama yalikuwa yamemchosha. Kukamua mawese ni kuzunguka ukisukuma mti unaoendesha mashine ya kukamulia tangu asubuhi, na msimu uliopita alizunguka huku ameshika kiuno. Alikuwa anaweka kila alichonacho kwenye nyasi za watu, tena mikononi mwangu, ili asirudi kwenye ule mti. Nilijua kabisa kwamba tukikosa kazi ya ufukweni, atarudi.

Jumanne tukafika dukani watatu: mimi mbele, mke wangu katikati, mama nyuma. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu aliyefurahi kuona familia nzima inanunua mashine ya kukatia nyasi. Alizipanga chini moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi uchaguzi ulivyo mgumu.

Iliyokuwa ya betri ilikuwa nyepesi na haikupiga kelele. Nilitaka kuipenda, nikakumbuka barafu yangu na umeme, nikairudisha. Zilizobaki zilikuwa za petroli, na hapo nilikuwa mwenyeji, kwa sababu petroli yake inachanganywa na oili kama ya injini ya boti, kazi niliyoijua tangu utotoni. Nilimweleza muuzaji vipimo kabla hajanieleza yeye, nikamwona mama kwa jicho la pembeni akiinua nyusi. Nikafurahi moyoni.

Tatizo likawa ncha. Moja ilikuwa na kisu cha chuma chenye meno matatu, kama feni iliyokasirika. Nyingine ilikuwa na kichwa cha plastiki chenye uzi mnene wa nailoni, unaozunguka kwa kasi na kuchapa nyasi mpaka zikatike. Muuzaji alisema cha chuma ni cha vichaka na magugu makubwa, cha uzi ni cha nyasi laini, karibu na kuta na mawe. Mtu yeyote mwenye akili angechukua cha uzi. Mimi nilikitaka cha uzi. Nilinyoosha mkono nikaisogeza pembeni ile ya chuma ili niifikie ya uzi.

Wakati huo huo mama aliinama, akapitisha kidole kwenye meno ya kile kisu polepole, kama anavyopima kisu cha jikoni, akatikisa kichwa kidogo. Nikasimama. Nilijiambia: mama amekipenda hicho. Na kwa kuwa fedha ni za mama, na mama ni mkwe, na mimi ndiye mtu wa ziwani mwenye maneno mengi, niliamua siku hiyo kuwa na maneno machache.

"Mwambie mama," nilimwambia mke wangu, "mimi nimependa alichopenda yeye."

Mke wangu akamwambia. Mama akajifunga kitenge upya.

"Mwambie mwenzako, mimi nimependa alichopenda yeye."

"Mama amependa ulichopenda."

"Basi ndiyo hicho hicho."

Muuzaji alitutazama watatu. "Samahani," akauliza, "sasa kimependwa kipi?"

Mimi na mama, kila mmoja kwa heshima kuu, tuliinamisha macho kwenye kisu cha chuma. Muuzaji akakifunga.

Ikabaki habari ya kingo. Muuzaji alileta mashine nyingine ndogo yenye gurudumu na kisu cha kusimama, akasema unaisukuma kando ya njia nayo inachana mpaka wa nyasi ukanyooka kama rula. Mama aliuliza, kupitia kwa mke wangu, kama kuna kazi nyingine mashine hiyo inafanya. Muuzaji akasema hapana, ni mstari tu. Mama aliguna. Mimi niliitaka sana mashine hiyo, kwa tamaa kabisa, lakini mguno niliuelewa bila mkalimani. Tukaondoka na mashine moja, chupa ya oili, mkanda wa begani na boksi kubwa zuri. Boksi mama alilikabidhi kwa mke wangu alipotuaga, akamwambia asilitupe.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ufukweni kabla ya saa mbili, na miwani ya plastiki na gambuti za kuazima. Mke wangu ni fundi cherehani na alikuwa na sare za shule za kumaliza, kwa hiyo hakuja. Mama alikuja. Alishuka kwenye bodaboda amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kitenge, akakaa kwenye ngazi za baraza. Mlinzi wa pale, mtu mzima mwenye rungu na uvivu wa kiungwana, alimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwakeye," aliitikia na kuongeza salamu ya asubuhi ya Kiha. "Mwambie mkwe wangu nimekuja kutazama tu."

Mlinzi alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua nne. "Mama anasema amekuja kutazama tu," akasema kwa mashaka.

"Mwambie mama karibu sana," nikajibu.

Nilivuta kamba, mashine ikanguruma vizuri, na kwa nusu saa nilijiona mtu mkubwa. Nyasi zilikuwa zinaruka. Wafanyakazi wa jikoni walitoka kutazama. Sikuona kwamba nyuma yangu kiwanja kilikuwa kinabaki na mabaka, huku kipara, huku manyoya, kwa sababu kisu kile kila nilipoyumba kidogo kilizama kwenye udongo. Nilianza kukaribia njia, nikitaka kusogeza ncha mpaka kwenye saruji kabisa, kama rula. Nikagonga jiwe jeupe.

Kipande cha jiwe kilipita juu ya ua wa michongoma na kuingia chumba namba nne kupitia dirishani, bila kusubiri dirisha lifunguliwe.

Meneja alitoka mbio. Kwa bahati chumba hakikuwa na mgeni. Alitazama kioo, akatazama kiwanja, na nadhani kiwanja ndicho kilichomuumiza zaidi.

"Hiki ni nini?" aliuliza. "Nimewaambia harusi. Bibi harusi atasimama wapi? Kwenye kipara au kwenye msitu?"

Alisema angetufukuza pale pale, ila nusu ya kiwanja imeshanyolewa na hana mtu mwingine wa kumalizia. Anakwenda mjini kutafuta kioo, kioo ambacho tutakilipa sisi, na atarudi saa kumi. Akikuta kiwanja hakifanani na kiwanja, tubebe mashine yetu na tusirudi.

Akaondoka. Nilizima mashine. Niliona aibu ya kweli, kwa sababu yote yalitokea mbele ya mtu aliyeyajua tangu siku ya posa. Kioo nilikuwa sikifikirii. Nilimfikiria mama akizunguka na mti wa kukamulia huku ameshika kiuno.

Nilisogea mpaka karibu na ngazi, umbali wa heshima.

"Bwana mlinzi," nikasema, "naomba umwambie mama kwamba naomba radhi."

"Amesikia," mlinzi akasema.

"Mwambie tu."

"Mama, anaomba radhi."

"Mwambie radhi ataomba baadaye. Kwanza aseme, kisu hiki alikipendea nini?"

Nilishangaa. "Mwambie mama sikukipenda. Nilikichukua kwa sababu yeye alikipenda."

"Mama, anasema hakuki... Jamani," mlinzi akakatiza, akatutazama kwa zamu, "nyie mmegombana?"

"Hapana," tulisema kwa pamoja. Kila mmoja alimwambia mlinzi.

"Basi mimi naenda kunywa chai," akasema, akachukua rungu lake, akaenda kweli.

Tukabaki wawili, na ziwa, na mashine ikiwa imelala kwenye nyasi kati yetu. Nilitazama majini. Mama alitazama majini. Ingekuwa nyumbani tungengoja mke wangu arudi sokoni, lakini hapa aliyekuwa anarudi si mke wangu, ni meneja, tena saa kumi.

Mama ndiye aliyeanza. Aliinama mbele kidogo, akaielekezea mashine macho.

"Wewe mashine," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "mimi sikukutaka. Nilimtaka yule mwenzako wa uzi. Nilikugusa meno nikaogopa, nikasema moyoni, hili litakata mguu wa mkwe wangu. Lakini nilimwona anakushika, nikanyamaza."

Ikabidi mashine ijibiwe. Nilichuchumaa upande wa pili.

"Mashine," nikasema, "na mimi nilimtaka wa uzi. Nilikushika nikusogeze unipishe. Nilidhani umependwa na mwenye fedha."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikashindwa, tukacheka wote wawili tukiitazama ile mashine, bila kutazamana. Nilikuwa nimeharibu kiwanja cha watu, nimevunja dirisha la watu, na bado nilicheka. Mpishi alitokeza kichwa dirishani, akakirudisha.

"Sasa, mashine," mama aliendelea alipopata pumzi, "yule kijana wa dukani ana simu?"

Alikuwa nayo, na namba ilikuwa kwenye risiti. Nilimpigia nikamwuliza kama anaweza kutubadilishia. Alicheka. Akasema hakuna haja ya kubadilisha mashine, ncha zote mbili zinaingia kwenye mashine moja. Kichwa cha uzi kimo ndani ya boksi, chini kabisa, kwenye mfuko mweusi. Hatukukagua boksi? Nikamwambia boksi lilikuwa na kazi nyingine.

Nilipanda bodaboda mpaka nyumbani Buzebazeba. Boksi lilikuwa jikoni, na ndani yake, juu ya majani makavu, alikuwa ameatamia kuku wa mke wangu. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba kuku huyo hakuwa na mila ya kuogopa wakwe, kwamba mfuko mweusi ulikuwa chini ya mayai tisa, na kwamba nilirudi Katonga na kichwa cha uzi mfukoni na mikwaruzo hadi kwenye kiwiko.

Nilipofika, sikukiona kiwanja kwanza. Nilimwona mama. Kile kirefu kilichokuwa kwenye kitenge kilikuwa chuma cha nusu mwezi kwenye mpini wa mti: jembe kuukuu alilolipeleka kwa mchomeleaji wa Ujiji tangu Jumanne jioni, siku ile ile aliyoguna, likakatwa na kunolewa. Alikuwa amechomeka vijiti viwili kando ya njia ya saruji na kufunga kamba katikati, kama wanavyopima matuta Simbo. Alikuwa anatembea kinyumenyume, anakita chuma, anakanyaga kwa kisigino, anatoa kipande, anakita tena. Nyuma yake, au niseme mbele yake, mpaka wa nyasi ulikuwa umenyooka kiasi kwamba nilitamani kuulamba.

Nilisimama na mkono wangu wenye damu. Mashine ya gurudumu ya dukani ikanitoka moyoni moja kwa moja.

"Mashine," mama alisema bila kuinua kichwa, "mwambie asisimame."

Nilifungua kisu kwa spana, nikakifunga kichwa cha uzi, nikavuta kamba. Sauti ikawa tofauti, nyembamba zaidi, na nyasi zikaanza kulala kwa usawa. Nilianzia kwenye mabaka, nikishusha yale marefu yafuate yale mafupi. Uzi uligusa mawe meupe na kuyaacha yalivyo. Saa saba nilikuwa nimemaliza theluthi mbili, na uzi nao ukawa umemaliza zamu yake. Kichwa kilikuwa kinazunguka kitupu kama mtu anayepiga makofi bila muziki.

Nilishuka pwani mbio. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu. Wengi wao ni ndugu zangu kwa njia moja au nyingine. Niliomba mshipi mnene, ule wa samaki wakubwa.

"Unaenda kuvua wapi mchana huu?" binamu yangu mmoja akauliza.

"Hapo juu."

"Hapo juu kuna nyasi."

"Ndizo ninazovua."

Walicheka kwa muda ambao sikuwa nao, lakini mshipi walinipa. Nakiri kwamba haufai. Ulikatika kila baada ya hatua kumi, nami nikawa nazima, navuta, nafunga, nawasha. Hatua kumi, nazima, navuta, nafunga, nawasha. Mama alikuwa amemaliza njia ya pili na kuanza ya tatu, na kila alipofika mwisho wa kamba alikaa kidogo chini, akayakanda magoti, akainuka. Mara mbili nilitaka kumwambia apumzike. Mlinzi alikuwa amerudi kutoka kwenye chai, lakini nilipomwita alijifanya anakagua geti.

Saa kumi kasoro meneja alirudi na kioo kimefungwa kwenye gazeti. Alikiegemeza ukutani. Alitembea kiwanja kizima, mikono nyuma, akapita kwenye njia ya kwanza na ya pili, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya mpaka wa nyasi. Mama alisimama kando ya ngazi ameshika chuma chake. Mimi nilisimama na mashine begani, nikinuka petroli na mayai.

"Kingo hizi zimekatwa na mashine gani?" meneja akauliza.

Nilimwonyesha mama kwa kiganja kizima, kama inavyopasa.

Meneja alimtazama, akatazama jembe lile lililokatwa nusu mwezi, akatikisa kichwa polepole. Akasema Jumamosi bibi harusi atakuwa na pa kusimama. Kioo tutakilipa kidogo kidogo kwenye kazi. Akatoa karatasi na kalamu, akaandika mistari miwili mitatu juu ya goti lake.

"Haya. Mwenye kazi ni nani?"

Sikusita hata kidogo. "Ni mama huyu hapa. Mashine ni yake."

"Jina lake?"

Hapo nikaanza kurekebisha mkanda wa begani. Kuna jambo ambalo meneja, kwa ugeni wake, hakulijua: mkwe hatajwi jina, awe mama wa mke au mume wa binti. Si mbele yake wala nyuma yake, si kwa utani wala kwa daktari. Mimi nimemwoa binti yake, nimekula vyakula vyake, na jina la mama sijawahi kuliweka ulimini.

"Jina lake nani?" akarudia.

"Nalijua," nikasema, "ila siwezi kulitaja."

Meneja aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Uso wake ukaanza kurudi ule wa asubuhi. "Mwenye kazi humjui jina? Asubuhi mmenivunjia dirisha, jioni hamjuani?"

Nilimtafuta mlinzi. Alikuwa getini, mgongo umetugeukia. Nilijua mama atajitaja mwenyewe, ni yeye mwenye fedha, ni haki yake, nilingoja ajitaje. Nilimwona anauegemeza mpini wake ukutani, anajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole baada ya kidole. Meneja akaanza kuikunja karatasi.

"Mashine nimenunua mimi," mama akamwambia. "Kazi ni yake."

Akalitaja jina langu. Lilikuwa jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu aliyevuka kutoka ng'ambo, bila kukosea hata moja, kwa lafudhi yake ya Kiha, kama mtu aliyekuwa nayo mdomoni miaka yote kumi na miwili. Sikujua kwamba anayajua. Meneja aliikunjua karatasi.

"Andika haraka," mama alisema. "Sirudii."

Nilisikia raha mpaka nikaona haya, na sikuwa na pa kuupeleka uso wangu. Nikainama kuzima mashine, ambayo ilikuwa imezimwa zamani.